Mweka Kasi wa Darasa la Ubatizo

Mtaa mzima ulimwita Thelathini. Wageni waliposikia jina hilo walidhani ni utani wa umri, maana mtu mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mkavu, miguu mirefu, hana hata dalili ya kitambi. Hapana. Jina lilitoka kazini, na kazi yenyewe lazima ielezwe vizuri, la sivyo mtu huyu hutamwelewa hata nikikesha hapa.

Mbio za marathoni ni kilomita arobaini na mbili na ushee. Sasa, kwenye mbio kubwa mabingwa hawapendi kusumbuka na mwendo tangu mwanzo. Analipwa mtu atangulie, akate upepo, ashike kasi ileile waliyopatana, wengine wamfuate kisogo. Akifika kilomita ya thelathini anatoka pembeni, anawaachia wenyewe wamalizane. Mtu huyo anaitwa mweka kasi. Thelathini alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Alivaa namba kifuani kama wengine, alitokwa na jasho kama wengine, na kila mara, penye bango la kilomita ya thelathini, alipiga hatua moja upande wa kulia, akasimama kando ya barabara huku kundi zima likimpita. Alilipwa vizuri na hakuna aliyemdanganya. Ila utepe wa kumalizia aliuona kwenye televisheni tu, kama mimi na wewe, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mazoea yale yalimganda, jamani. Alipoacha mbio alijifunza cherehani, na sasa yeye na mkewe, Mama Pacha, walishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Thelathini alikata, akaunga mabega, akatia kola, akapinda pindo, mashine ikilia bila kupumua. Kisha shati likarushwa kwenye kapu, vifungo havimo. Mama Pacha ndiye aliyetoboa vitundu na kushona vifungo, mashati mia mbili kila muhula, na wala hakuna siku waliyokaa wakapanga iwe hivyo. Mume akiosha vyombo, sufuria kubwa inabaki. Akisimulia kisa, akifika pale patamu, anainuka kwenda kunywa maji. Mabinti wao pacha walikua wakijua kwamba mwisho wa hadithi za baba unaulizwa kwa mama.

"Mume wangu huyu," Mama Pacha aliwaambia wateja, mwenyewe akiwa amekaa palepale, "hata ndoto nadhani anaamka kabla haijaisha."

Wateja walivunjika mbavu. Thelathini naye alicheka, kwa sababu alijua anapendwa, na mtu anayependwa anachekwa bila kuumia.

Kanisani aliingia kwa ajili ya mvua. Mama Pacha alikuwa mwanakwaya tangu usichana, na kwa miaka mingi mumewe alimsindikiza mpaka getini tu, akageuka. Jumapili moja mvua ikamwagika kwa hasira, ikamsukuma ndani, akakaa benchi la nyuma huku viatu vikimchuruzika maji. Siku hiyo mchungaji, kijana mwenye miwani na subira nyingi, alikuwa akihubiri juu ya watu wanaokimbia: jinsi wanavyojinyima, jinsi wanavyouzoesha mwili kutii, na kwamba imani nayo inataka mtu wa namna hiyo. Thelathini akakaa wima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu alikuwa akimweleza habari za Mungu kwa maneno ya kocha. Mvua ilikatika, yeye hakuondoka.

Kesho yake akanunua daftari la kurasa mia. Mama Pacha alilifungua akidhani ni la vipimo vya wateja, akakuta ratiba. Jumatatu, maombi dakika ishirini, mwendo wa taratibu. Jumanne, maombi ya nguvu dakika tano, mara sita, kupumzika dakika moja kila mara. Jumatano, aya kumi kwa moyo. Alhamisi, kufunga, maji tu. Jumamosi, kutembelea wagonjwa, safari ndefu. Na aliifuata, usicheze naye! Alipiga magoti saa kumi na moja alfajiri na saa yake ya mkononi mbele yake, na ikilia, anakata hapohapo. "Ee Mungu, mguse jirani yetu wa nyumba ya pili, huo mgongo wake unavyom—" Tiii! "Amina."

"Umemwacha mtu wa watu na mgongo wake hewani!" Mama Pacha alimlalamikia kutoka kitandani.

"Yuko kwenye ratiba ya kesho."

Mchungaji alimwita, akamwambia kwa upole kwamba Mungu hana haraka. Thelathini akamjibu kwa heshima zote, "Najua, Mchungaji. Mwenye kuhitaji saa ni mimi." Mchungaji alivua miwani akaifuta, na hakumsumbua tena. Mtu aliyeombewa dakika tano kila Jumanne bila kukosa kwa mwaka mzima hana la kulalamikia, na mwenye mgongo mwenyewe alisema hivyo.

Basi akaingia darasa la ubatizo. Darasa lilikuwa la miezi sita, na mwisho wake watu wazima walizamishwa kwenye kisima cha vigae nyuma ya kanisa. Muhula wa kwanza walikuwa kumi, pamoja naye. Kufikia wiki ya tatu Thelathini alishaona kwamba wenzake wanapumua kwa shida: kinyozi hashiki aya hata moja, muuza mboga anasinzia. Akawakusanya alfajiri kwenye kiwanja cha shule. Wakatembea kuzunguka kiwanja, yeye mbele, wao nyuma, anasema mstari, wanarudia, anasema, wanarudia, mpaka kinyozi akawa anawanyoa watu huku akiwasomea aya nzima nzima, wateja wameinamisha vichwa, hawana pa kukimbilia. Siku ya ubatizo ilipofika, tisa walikuwa tayari, wamenyooka. Na Thelathini? Alikuwa amesimama ukutani na taulo tisa begani.

"Kulihitajika mtu wa taulo," alimwambia mkewe. "Nitaingia muhula ujao."

Muhula uliofuata akaleta wanane. Uliofuata, saba. Wa nne, saba tena. Watu thelathini na mmoja walizamishwa na kuinuka kutokana na mazoezi yake, na waumini wakasema hawajawahi kuona darasa lenye bidii namna ile. Orodha ya majina aliiandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na jina lake halikuwemo hata mara moja.

Hapo ndipo kicheko cha Mama Pacha kilipoanza kupungua. Maana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi waliobatizwa waliitwa mbele kwenye meza ya Bwana, na kila Jumapili hiyo yeye aliinuka peke yake. Mumewe alibaki benchi akiwa amemshikia mkoba. Akageuka njiani mara moja akamwona, mwanamume mzima, mchapakazi, anayejua maandiko kuliko wazee wa kanisa, amekaa na mkoba wa mwanamke magotini, anatabasamu kumtia moyo. Mama Pacha alirudi kwenye nafasi yake na macho mekundu, akasema ni vumbi.

Muhula wa tano akaja Mzee Bomba. Huyu alikuwa fundi bomba mstaafu, miaka sabini na minane, mjane, kifua kinabana, na maneno yalikuwa yameanza kumtoroka. Kisima chenyewe cha ubatizo, mabomba yake aliyalaza yeye enzi za ujana, wakati ule hana habari na Mungu wala Mungu hakumwuliza. Sasa alitaka kuingia humo, na alitaka sana. Tatizo ni kwamba kabla ya kuzamishwa mtu huulizwa maswali matatu mbele ya watu wote, na ajibu kwa kinywa chake. Majibu yalikuwa mafupi. Lakini Mzee Bomba alifika katikati ya jibu, akasimama, akatazama juu kana kwamba limepandia darini.

"Limekwenda," alisema. "Lilikuwa hapa sasa hivi."

"Litarudi, Mzee. Tembea."

Wakatembea. Thelathini hakuwa na mwanafunzi aliyempenda kuliko huyu, tuseme ukweli. Alifupisha hatua zake ndefu mpaka zikawa nusu unyayo, akamwekea mzee mwendo wa pumzi yake. Anasema jibu, mzee anavuta hewa, anarudia. Hatua nne, jibu, pumzi. Miezi sita, asubuhi tatu kwa wiki. Na kweli ikashika! Mzee Bomba alijibu yote matatu bila kukwama, siku baada ya siku, na Thelathini alirudi nyumbani akipiga mluzi. Lipo jambo moja hakuliona, yeye ambaye angepaswa kuliona kuliko mtu yeyote. Wapo wakimbiaji wanaozoeshwa kufuata kisogo mpaka mbele kukiwa wazi miguu inagoma. Hata siku moja hakumwacha mzee ajibu bila kutanguliwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, mchana kweupe, Mama Pacha alisimamisha sindano.

"Baba Pacha, umejiandika safari hii?"

"Safari hii nina Mzee Bomba. Unamjua hali yake."

"Muhula uliopita ulikuwa na mama wa maandazi. Kabla yake yule dereva. Mwanzo kabisa kinyozi." Aliweka shati chini. "Miaka miwili na nusu nahesabu. Unangoja nini, mume wangu? Mungu akutumie barua?"

Thelathini alikanyaga pedali ya cherehani ingawa hapakuwa na kitambaa. "Wapo wanaonihitaji. Wewe mwenyewe unaona."

"Mimi sikuhitaji?"

Mashine ikazunguka bure, kisha ikatulia.

"Nikwambie kitu," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo. "Mbio zangu za mwisho, nilipofika thelathini, sikuwa nimechoka. Mabingwa wote nyuma yangu wanahema, mimi nina nguvu. Sheria inaniruhusu kuendelea. Nikapita bango hatua chache, mama, nikaona barabara iko wazi mbele, haina mtu. Nikaogopa. Niliijua kila kilomita mpaka pale. Huko mbele sikuwa napajua. Nikatoka. Na huku ni vilevile. Kufunga najua, kuomba najua, aya najua. Huko ng'ambo ya maji kuna mtu gani, sijui. Nikiinuka nikawa ni mimi yuleyule? Nikianguka baadaye, mbele ya watu wote niliowafundisha?"

Mama Pacha angeweza kumhurumia, na moyoni alimhurumia, lakini alikuwa amechoka.

"Nimekupigia makofi katikati ya njia maisha yangu yote," alisema. "Nimeshindwa sasa. Kesho nitaimba kwaya, nitarudi nyumbani. Sitakuuliza tena." Akachukua kifungo kingine. Hilo ndilo lililomtia Thelathini baridi, kwa kuwa mkewe hakuwa mtu wa vitisho. Akisema hatauliza tena, hataki kuuliza tena.

Jumapili ikafika, jua kali, watu wamejaa kuzunguka kisima, kwaya imepangwa upande wa kushoto. Mama Pacha alisimama safu ya mbele, hakumtazama mumewe. Thelathini alimshika Mzee Bomba mkono akamshusha ngazi za kisima, moja, mbili, akamkabidhi kwa mchungaji aliyekuwa majini mpaka kiunoni. Kisha akarudi juu, akaenda kusimama ukutani na taulo zake. Kazi imekwisha.

Mchungaji akauliza swali la kwanza. "Unamkataa shetani na kazi zake zote?"

Mzee Bomba akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akatazama mbele yake, akatazama kushoto, akatazama vigae. Mchungaji akarudia taratibu. Mtu mmoja akakohoa. Mama wa maandazi akafumba macho akaanza kumwombea.

"Yuko wapi?" mzee aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. "Huyu anayetangulia, yuko wapi? Mimi sijui kwenda bila yeye!"

Kicheko kikapita kidogo, cha upendo, kikafa. Thelathini alisimama ukutani, na hapo ndipo alipoona kosa lake lote tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amemlea mzee wa watu kufuata kisogo, kisha akatoka pembeni, akamwacha. Mchungaji alimtazama, akamwita kwa ishara ya kichwa. Thelathini akavua viatu. Akaingia majini na suruali yake ya Jumapili, akasimama mbele ya mzee, hatua moja tu.

"Unamkataa shetani na kazi zake zote?"

"Namkataa," alisema Thelathini.

Pumzi. "Namkataa," alisema Mzee Bomba.

"Unaamini kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu, alikufa na kufufuka kwa ajili yako?"

"Naamini."

"Naamini."

"Utamfuata siku zote za maisha yako?"

Hili alikuwa amelisema kiwanjani mara elfu, huku akihesabu hatua. Sasa maji yalikuwa yamemshika mapaja, hakuna hatua ya kuhesabu, na alijisikia akivuta hewa kabla ya kujibu. "Nitamfuata," alisema, na sauti ikamkatika, "Mungu akinisaidia."

"Nitamfuata," alisema Mzee Bomba kwa nguvu, "Mungu akinisaidia."

Mchungaji akamzamisha, akamwinua. Mzee akatoka akitema maji, akifuta macho, kwaya ikapasuka kwa wimbo, watu wakashangilia. Na Thelathini, haki ya Mungu, aligeuka kuelekea ngazi. Hakuamua. Miguu yenyewe iligeuka, kulia, kama ilivyozoea. Mkono wenye mishipa ukamdaka shati mgongoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemaliza kazi, Mzee. Umefika."

"Kazi gani?" Mzee Bomba alikuwa akihema, lakini safari hii maneno hayakumtoroka hata moja. "Umejibu yote kabla yangu. Mimi nimefuata tu. Sasa kama ulikuwa unataja tu, mimi nimebatizwa kwa maneno ya nani?"

Kwaya ilikuwa ikiimba bado, lakini walio karibu walisikia, na mmoja baada ya mwingine wakaacha. Thelathini alimtazama mzee, nywele nyeupe zimelowa zimemganda kichwani, macho makali yanangoja. Hakuwa na pa kuficha uso.

"Nilimaanisha," alisema.

"Basi?"

"Mzee, mimi sijawahi kufika huko."

"Hata mimi!" alisema Mzee Bomba. "Nina dakika moja tangu nifike. Maji ni ya baridi, basi. Njoo."

Mchungaji alimwekea mkono begani. Hakumwuliza maswali, alikuwa ameshayasikia majibu. Akamtaja kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo nusu ya mtaa walikuwa hawalijui, na wengine wakatazamana wakiulizana ni nani huyo. Thelathini alifumba macho. Akaogopa kama alivyoogopa siku ile barabarani, hakuna kilichopungua, na akajiachia hivyohivyo na woga wake. Maji yakamfunika. Alipoinuka alikuwa akilia kama mtoto, pua, macho, kila kitu, na hakujikaza.

Alitazama upande wa kwaya kumtafuta mkewe. Hakuwepo kwenye safu. Mama Pacha alikuwa ameshafika kwenye ngazi, na joho la kwaya, na viatu vyake vya kisigino, na daftari la nyimbo mkononi, na mtu mmoja alimwita, "Mama, viatu!" asisikie. Akashuka ngazi zote, joho likaelea kumzunguka, akamfikia mumewe katikati ya kisima, akamshika uso kwa mikono miwili. Aliweka paji la uso wake kwenye la mumewe, wakabaki hivyo. Juu walikuwa bado sita kwenye mstari, wamevaa nyeupe, wakisubiri zamu yao kwenye jua, na hakuna aliyewaharakisha.